Changamoto Ndogo

Barua ya onyo ilikuwa ya ukurasa mmoja, na Batuli aliisaini akiwa bado amevaa glavu ya mpira mkono wa kushoto, kwa kuwa aliitwa katikati ya kuosha chupa. Tone la maji ya sabuni likaangukia juu ya neno "staha". Murtadha, meneja mpya na mtoto wa mwenye kiwanda, akachomoa karatasi laini kwenye boksi, akalifuta mwenyewe taratibu ili wino usichafuke. Hakuwa mtu mkali. Hilo lisemwe mapema, maana wapo wasomaji wanaopenda kuonyeshwa mbaya wao tangu mlangoni wapate kutulia, na katika habari hii hawatatulia.

"Bi Batuli," alisema, "haya si mimi niliyeyaanza. Wakaguzi wameyaandika kwenye ripoti. Mimi natakiwa kuonyesha kwamba nimechukua hatua."

"Kwa hiyo nisiseme tena?"

"Useme. Nataka useme. Lakini kwa utaratibu. Mlango wangu uko wazi saa zote, na sanduku la maoni lile pale ukutani. Nataka kila mtu hapa aheshimiwe."

Batuli alikunja nakala yake mara nne, akaisokomeza kwenye pindo la kanga. Barua ilisema ya pili haitakuwa ya onyo.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Wiki moja kabla, wakaguzi watatu walikuja kutoka Dar es Salaam kuangalia kama kiwanda kinafaa kupewa cheti cha kuuza asali nje ya nchi. Murtadha aliwatembeza, shingoni amefunga tai ambayo wafanyakazi hawajapata kuiona. Walipofika chumba cha kuosha chupa Batuli akanyoosha mgongo, akamtazama kijana toka viatu hadi kola, akasema kwa sauti ya kumfikia kila mtu, "Ee mtumwa wangu, leo umevaa tai! Nani kakununua kwa bei ya juu hivyo?"

Chumba kizima kikacheka. Bernadeta, mfunga vizibo, alicheka mpaka akaketi juu ya kreti. Wakaguzi hawakucheka. Mmoja wao, mama mwenye miwani, aliandika jambo daftarini, kisha akauliza polepole kama neno lile hutumika mara kwa mara mahali pa kazi, tena hapa Tabora, tena kwa mtu wa ukoo wa Kiarabu.

Murtadha angeweza kueleza. Angesema kwamba Batuli ni Mzaramo, na kwamba bibi yake yeye, mama mzaa baba, alikuwa Mnyamwezi wa Itetemia, na kwamba Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Wapagazi walitoka huku na mizigo vichwani, wakapita Uzaramo kwenda pwani, wakagombana na wenyeji, wakazikana nao, wakaoana nao, mwisho wakaafikiana kutukanana bila kukasirikiana. Mtani akikuita mtumwa nawe unamrudishia papo hapo, na siku ukifa ndiye atakayekuja kukalia udongo wa kaburi lako. Lakini utamwelezaje hayo mtu aliyekwisha shika kalamu? Murtadha alisema tu, "Tutalifanyia kazi," na akalifanyia kazi.

Baba yake, Mzee Ghalibu, angelipokea lile neno kama kikombe cha kahawa. Kwa miaka kumi na minne, hadi alipopigwa na kiharusi mwezi Machi, yeye na Batuli walikuwa wakitukanana kila siku ya kazi, na katika matusi hayo ndimo habari mbaya za kiwanda zilimopita kwenda ofisini. Wafanyakazi wengi ni Wanyamwezi, watu waliolelewa kwamba mkubwa haambiwi amekosea, huachwa mpaka aone mwenyewe. Basi mwenye neno zito alimpelekea Batuli, naye akalifunga ndani ya tusi. Mlango wa choo cha wanawake ulipong'oka, hakuna aliyethubutu kumwendea mzee na jambo la choo. Batuli alimwendea. Alimwambia, "Mnyamwezi wewe, umeng'oa mlango wetu ili upite pite utuone? Nyumbani huna mke?" Mzee alicheka, akamrudishia tusi lililo kubwa zaidi, halafu akavaa kofia yake, akaacha chai inapoa mezani, akaenda kuangalia mwenyewe. Ndivyo alivyokuwa. Akishacheka huvaa kofia akaondoka. Mlango ulikuwa mahali pake kabla ya adhuhuri.

*

Nyumbani kwao Itetemia, barua haikuleta ugomvi. Mume wake, Issa Lugembe, aliisoma mara moja, akairudisha, akasema, "Mzaramo kafungwa mdomo. Leo nitalala usingizi."

"Lala wa kufa," Batuli akamjibu, na binti yao Sikuzani, aliyekuwa kidato cha tatu, akacheka na uji mdomoni.

Nyumba yao ilikuwa hivyo. Lugembe ni Mnyamwezi, mkewe Mzaramo, na ndoa yao ya miaka kumi na saba ilijengwa juu ya matusi ya namna hiyo. Jirani mpya alipohamia aliwahi kwenda kwa mjumbe kushtaki kwamba mle ndani wanauana. Lugembe nje ya nyumba yake alikuwa mtu wa maneno machache mno. Kiwandani alikuwa mwendesha winchi, yule anayenyanyua mapipa ya asali iliyoganda kwenda kuyazamisha katika tangi la maji ya moto, na kuyanyanyua tena asali ikishalainika. Pipa moja lililojaa lina karibu kilo mia tatu. Alilishusha kama mama anayelaza mtoto, na hakuwahi kupasua hata moja.

Katikati ya Agosti, wakila chakula cha jioni uani, alinawa mikono kabla hajashiba.

"Ile winchi inateleza," alisema.

"Inateleza vipi?"

"Ikishabeba. Imetulia, mimi nimeshaachia mkono, inashuka shibiri moja peke yake, halafu inashika. Leo mara mbili."

Batuli aliacha kutafuna. Alimwuliza kama amemwambia Murtadha. Lugembe akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la Kichina. Tangu lini yeye akaenda ofisini kulalamika? Atasema nini, kwamba kazi imemshinda? Alisema, "Mwambie wewe. Si ndiyo kazi yako?"

"Nina barua mimi."

"Basi mwambie vizuri."

Lilikuwa neno dogo, nalo ndilo lililowaangamiza. Batuli hakujua kusema jambo vizuri. Alijua kulisema vibaya likaeleweka. Lakini barua ilikuwa chini ya mto wake, na ada ya Sikuzani ilitoka katika mikono yao wote wawili, na Murtadha mwenyewe alikuwa amesema kwa mdomo wake kwamba sanduku lile pale. Wakamwita Sikuzani aje na daftari la shule.

Mtoto alikuwa hodari wa Kiswahili, na barua za kiofisi alikuwa amefundishwa muhula ule ule. Batuli aliposema, "Andika winchi itaua mtu," Sikuzani akatikisa kichwa, akaeleza kwamba barua ya kikazi haiandikwi kwa kutisha. Wakaanza upya. Walifuta, wakarudia, wakabishana juu ya "taadhima". Mwisho ikawa hivi:

"Yah: Ombi la uangalizi wa winchi. Kwa heshima na taadhima, husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wafanyakazi tunaomba, pale ofisi itakapopata nafasi, winchi iangaliwe, kwa kuwa wakati mwingine hupata changamoto ndogo ya kuteleza. Tunashukuru kwa ushirikiano wako. Mtiifu katika kazi, Batuli Lugembe."

Sikuzani aliisoma kwa sauti. Ilipendeza. Batuli akaulizwa kama ana la kuongeza, akafikiri juu ya ile barua nyingine chini ya mto, na jinsi mtu anayelalamika anavyotazamwa. "Ongeza," alisema, "hata hivyo kazi inaendelea vizuri."

Lugembe aliyekuwa ameegemea ukuta akasema hiyo ya mwisho si kweli.

"Ni adabu," mke wake akamjibu.

*

Murtadha alilifungua sanduku Jumatatu, mbele ya wote, kama alivyoahidi. Mlikuwa na karatasi moja. Alipoona jina la chini uso wake ukachangamka waziwazi, maana tangu siku ya barua alikuwa halali vizuri, na huyu mama alimtania tangu alipokuwa mtoto wa shule. Aliisoma yote, pamoja na taadhima. Kisha akasema kwamba hiki ndicho alichokuwa anakitafuta. Katika semina aliyohudhuria Dar walifundishwa kwamba kiwanda chenye afya ni kile ambacho mfanyakazi wa chini anaweza kufikisha jambo juu bila hofu na bila kumvunjia mtu heshima, na leo Bi Batuli ameonyesha mfano. Akaomba wampigie makofi.

Wakapiga. Tuseme ukweli, Batuli alifurahi. Hakuna aliyewahi kumpigia makofi kwa jambo lolote, na yalimpanda kichwani kidogo. Alimtafuta Lugembe kwa macho, akamwona nyuma kabisa karibu na mapipa, naye anapiga makofi, polepole.

Ubao mweupe ulikuwa ukutani. Murtadha akachukua kalamu nyekundu, akaandika "Winchi", akauliza kama ni jambo la haraka. Aliuliza tena, kwa nia njema kabisa, akamtazama hata Lugembe. Lugembe akatazama viatu vyake. Mkubwa ameshika barua inayosema kazi inaendelea vizuri. Nani atasimama kumwambia kwamba siyo? Watu wote wakamgeukia Batuli, kama walivyozoea miaka kumi na minne. Zamani angeuliza kama hilo darasa la Dar lilifundisha pia kusoma usoni kwa watu. Neno lilimjia mpaka kwenye meno. Akalimeza.

"Kama ofisi itakavyoona," alisema.

Basi Murtadha akaeleza kwamba fundi wa mashine anatoka Mwanza kila Oktoba, na kumwita kabla ni usumbufu, kwa hiyo winchi itaingia katika orodha ya Oktoba. Akaandika "Oktoba" mbele ya neno winchi, akachora mstari chini yake. Mstari ulikuwa umenyooka.

*

Wiki mbili hazikupita shibiri moja ikawa mbili. Lugembe aliacha kusimama karibu na pipa. Alijitengenezea fimbo ndefu ya kulisukumia akiwa mbali, na wenzake wakaona, na wenzake wakamwambia Bernadeta, naye Bernadeta akamwambia Batuli wakiwa kwenye bomba la maji. Bernadeta alikuwa Mkatoliki wa upande wa Kipalapala, mpole, asiyependa kusukuma mtu. Siku ile alisukuma.

"Nenda kamtukane, dada. Wakikupa barua ya pili tutachangiana maisha. Hatutakuacha."

"Utachangia ada ya Siku?"

Bernadeta, mwenye wanne wa kwake, akainama kuchukua ndoo.

Batuli alikwenda. Mlango ulikuwa wazi kweli, kama alivyoahidiwa. Murtadha alikuwa anazungumza na mtu kwenye kompyuta, akampungia mkono aingie, akamwonyesha kiti. Batuli hakuketi, nguo zake zilikuwa na maji. Alisimama akatazama ukutani, picha ya Mzee Ghalibu amevaa kofia yake, anacheka. Mzee sasa alikuwa nyumbani, kwenye kiti cha magurudumu, upande mmoja wa mwili umekufa na ulimi pia. Batuli alikuwa amekwenda kumwona mara moja tu. Alimwita mtumwa, na mzee akatokwa na machozi kwa kushindwa kumrudishia, na tangu hapo Batuli hakuweza kwenda tena.

Murtadha alimaliza, akageuka. "Ndiyo, Bi Batuli. Nakusikiliza."

Alikuwa anasikiliza kweli. Ameweka simu chini, ameegemeza mikono mezani, anamtazama usoni, kila kitu kama inavyotakiwa. Na Batuli akagundua kwamba hajui mlango wa kuingilia. Bila tusi hakuwa na sentensi ya kwanza. Kumwambia kijana wa watu kavukavu kwamba ubao wake umekosea ilikuwa kama kumvua shati.

"Nilikuja kuhusu ile barua yetu ya winchi," alisema.

"Sijaisahau hata kidogo. Iko kwenye mpango. Oktoba fundi anakuja. Au kuna jipya?"

"Ni ile ile changamoto."

"Imeongezeka?"

"Kidogo, bosi."

"Basi nitamkumbusha fundi leo hii." Akaandika kwenye simu, mbele yake, ili aone. "Nakushukuru sana kwa kufuatilia."

Batuli akasema asante, akatoka. Kwenye korido alisimama akiwa ameshika ukuta. Alijisikia amedhalilika, na hakuna aliyemdhalilisha. Jioni ile Lugembe akamwuliza kama amemwambia, naye akasema amemwambia.

"Akacheka?"

"Hakucheka."

"Basi hujamwambia," alisema Lugembe, akajilaza.

*

Ilitokea Alhamisi ya tatu ya Septemba, saa nne asubuhi, wakati wa pipa la sita. Batuli alisikia mlio wa mnyororo. Sauti ile aliijua, lakini safari hii ilikwenda mfululizo, haikushika. Halafu kishindo, halafu mtu anaita jina la Mungu.

Pipa lilikuwa limetoka kwenye maji ya moto, asali ndani yake imelainika. Lugembe alikuwa ameiacha ile fimbo. Ndoano ilikuwa imekaa upande, na hakuna fimbo inayoweza kunyoosha ndoano, ni lazima mkono. Pipa lilimkuta kifuani na likapasuka. Asali ikatapakaa sakafu nzima, ikawa kila anayekimbilia kumsaidia anateleza, anaanguka, anasimama, anaanguka. Murtadha alifika mbio kutoka ofisini, akaanguka kama wengine, akaliingilia pipa kwa bega na shati lake jeupe, akilia kwa sauti. Walipolisukuma hatimaye, watu sita, Lugembe alikuwa anatazama juu kwenye winchi.

Batuli alimfuta asali usoni kwa kanga. Alifuta macho, pua, mdomo. Ikawa akifuta inarudi. Nje nyuki walikuwa wameshapata harufu, wakaanza kuingia kupitia madirishani, mmoja mmoja, kisha wengi, wakatua sakafuni bila kumdhuru mtu.

Hospitali walipokelewa haraka na wakaambiwa haraka. Bernadeta alikwenda shuleni kumchukua Sikuzani. Batuli akabaki kwenye benchi la korido, kanga yake imekauka na kuwa ngumu, na Murtadha akaja kuketi mwisho wa benchi lile. Suruali yake ilikuwa ya asali mpaka magotini. Alipozungumza hakuwa akijitetea, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Alikuwa anauliza kwa dhati, kama mwanafunzi aliyepata sifuri baada ya kusoma usiku kucha.

"Mama Siku, uliandika changamoto ndogo."

"Niliandika."

"Ukaandika kazi inaendelea vizuri."

"Niliandika."

"Nilikuuliza pale ofisini. Nilikuuliza kama imeongezeka."

Batuli alikuwa anahesabu herufi za neno "vizuri" kichwani, bila sababu, anazianza tena. Aliichukia barua ile, akauchukia mkono wake ulioisaini, na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, alimchukia hata mtoto wake kwa kujua Kiswahili.

*

Walimzika Ijumaa baada ya sala. Shemeji yake alimsimulia Batuli yaliyotokea makaburini, kwa kuwa wanawake hawakwenda. Wazaramo wawili, wafanyakazi wa reli waliosikia msiba ni wa mtani wao, walifika bila kuitwa. Walikalia rundo la udongo, wakakataa kaburi lifukiwe mpaka Wanyamwezi wajikomboe kwa fedha. Walisema marehemu ni mvivu, ameona Oktoba kuna kazi akaamua kulala mapema. Watu walicheka, na waliocheka sana ndio waliolia sana. Ndivyo inavyotakiwa. Shemeji alisimulia akimtazama usoni ili aone kama atatabasamu. Batuli alisema wamefanya vema.

Siku ya tatu, baada ya dua, uani palikuwa bado na wanawake wengi juu ya mikeka. Walisikia gari likisimama, kisha magurudumu madogo kwenye kokoto. Mzee Ghalibu aliingia akisukumwa na mwanawe. Amevaa kanzu nyeupe na kofia yake ile ile, imekaa kombo kidogo. Mwanamume haingii hivihivi walipo wanawake wa msiba, lakini mtani hapigi hodi, na hakuna aliyeona ajabu. Wakakusanya miguu, wakampisha mpaka mbele ya mjane.

Kisha wakanyamaza, wanangoja. Kila mtu pale alijua zamu ni ya nani. Mtani akifika msibani lazima aseme neno lake, na mfiwa, atake asitake, amjibu; ndipo kifua hufunguka. Ilikuwa haki ya Batuli. Alikuwa amekaa siku tatu hajatoa sauti ya kilio, na wanawake walikuwa wameanza kumwogopea.

Mzee alifungua kinywa. "M..." alisema. "Mtu... m..." Upande mmoja wa mdomo ulivutika, mwingine ukabaki pale pale. Akajaribu tena, na mshipa ukamsimama shingoni. Mate yakamtoka. Murtadha aliinama akamfuta kwa leso, na mzee akausukuma mkono wake. Sikuzani, aliyekuwa pembeni ya mama yake, akafunika uso.

Batuli aliinuka kwa magoti, akasogea mpaka miguuni pa kiti.

"Mtumwa wangu," alisema.

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini ilikuwa yake. Macho ya mzee yakatulia juu yake.

"Nimekuwekea neno tangu Agosti. Sikiliza, Mnyamwezi wewe. Winchi yako inateleza. Juzi shibiri moja, jana mbili. Unamtaka mume wangu aangukiwe na pipa ili unirithi mimi? Na kwa hayo meno mawili utanilaje?"

Wanawake wachache walicheka, kwa mazoea, kwa sababu lilikuwa tusi zuri, na Bernadeta alicheka kwa nguvu kuliko wote. Halafu kicheko kikamrudi. Akauma ncha ya kanga, mabega yakaanza kumtikisika, na uani kote vilio vikaanza upya. Murtadha alibaki ameshika leso. Alikuwa amesikia kila neno, na midomo yake ilikuwa inayarudia moja moja bila sauti: shibiri moja, jana mbili.

Mzee Ghalibu hakulia. Kitu kama kicheko kilimpitia kooni. Kisha mkono wake wa kushoto, ule uliobaki hai, ukapanda taratibu hadi kichwani, ukashika kofia, ukaiweka sawa. Ukashuka kwenye gurudumu, ukasukuma. Kiti kikageuka nusu, mkeka ukajikunja chini yake. Akasukuma tena. Kwa kuwa ni mkono mmoja, kiti hakikwenda mbele, kilizunguka tu pale pale.

"Baba," Murtadha alisema, "unataka maji? Unataka kwenda wapi, Baba?"

"Mwache," alisema Batuli, na sasa machozi yalikuwa yanamtiririka, anayaacha. "Anakwenda kuangalia winchi."

Murtadha alisimama kidogo. Kisha akashika mipini ya kiti kwa mikono yote miwili, akakielekeza mlangoni. Wanawake wakakusanya miguu tena wakawapisha, na hakuna aliyemwambia mzee kwamba amechelewa.